Mwili Haukuambiwa Kuwa Mzee Amekufa

Mama mkwe wangu alihamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe, na kila aliyepita kutupa pole alisema neno lilelile: sasa mama atapumzika. Hata mimi nilisema. Nilimpa chumba cha mbele, nikamwekea kiti cha kuegemea karibu na dirisha ili awe anaona wapita njia. Mimi ni msusi, na saluni yangu ni chumba cha pembeni cha nyumba hiyohiyo, kwa hiyo ilijulikana kwamba tutashinda pamoja kutwa, mkwe na mkaza mwana. Wapo majirani waliotega masikio wakisubiri mtanange. Waliambulia patupu, maana yule mama hakuwa na ugomvi na mtu. Ukimwomba chumvi anakupa na chai juu yake.

Kabla ya kustaafu alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare. Hakushona nguo nzima. Huko hakuna anayeshona nguo nzima. Mmoja anashona kola, mwingine mifuko, yeye alikuwa wa vitundu vya vifungo. Mashine yake ilizungushia uzi, kisha kisu kidogo kikashuka chenyewe kupasua katikati, na ole wake mwenye kidole kizito kuondoka. Jumba zima lilinguruma kutwa. Wenzake walitoka pale vichwa vinawapasuka, wengine masikio yakafa kabla wenyewe hawajastaafu. Yeye aliniambia kelele zile zilikuwa dawa yake. Saa ya mapumziko alijilaza juu ya robota la kitambaa akalala fofofo, hadi wakambatiza jina la Gogo, kwa sababu msimamizi alilazimika kumtikisa ndipo aamke. Nyumbani, Gogo huyohuyo, paka akikanyaga bati alikuwa keshaketi kitandani.

Nyumbani kulikuwa na Bwana Stoo. Ndivyo mtaa ulivyomwita marehemu baba mkwe wangu, kwa kuwa alikuwa mtunza stoo wa karakana kubwa, mtu wa suruali yenye mstari wa pasi na maneno matamu kwa kila mtu. Alijua kusalimia. Alijua kusimamia harusi za watu. Siku ya mazishi jirani mmoja alisimama akasema hajawahi kumsikia mzee yule akipaza sauti, watu wakatikisa vichwa kukubali. Nyumba njema si mlango. Mama mkwe wangu aliinamisha uso wakati huo, nami nilidhani analia.

Nywele ndizo zilizonipa habari kwanza. Mtu akikaa mbele yangu nikamshika kichwa, ananificha machache sana. Siku ya kwanza kumwosha nilikuta nywele zimetoka mahali mahali, vipara vya mviringo, laini kabisa, na vile vya nyuma ya sikio alikuwa anavifunika kwa kitambaa. Si fangasi, fangasi naijua, ina magamba. Nikamkanda shingo, ngumu kama nakanda mti. Mabega yalikuwa yamepanda karibu na masikio, na nilipoyabonyeza yalishuka kwa adabu, nikiachia yanarudi.

“Mama, unambebea nani gunia?” nikamtania.

Akacheka, na alipocheka niliona magego yamelika hadi yamekuwa bapa. Alikuwa anayasaga usingizini. Wanangu walilala naye chumba kimoja siku za mwanzo, wakahama wenyewe wakilalamika kwamba bibi anatafuna mawe.

Kisha kikaja kidonda. Alijigonga muundi kwenye ukingo wa stuli yangu ya saluni, mchubuko ambao mtoto angeupata Jumatatu akausahau Ijumaa. Ule haukupona. Tulisafisha, tulifunga, ukabaki unang'aa vilevile, mbichi, mwezi baada ya mwezi. Tukadhani kisukari, akapimwa, hana. Mafua ya kila mteja wangu yalimpitia yeye kabla ya kutoka mlangoni. Tumbo lilimuunguza akila na lilimuunguza asipokula. Na juu ya yote hayo, presha. Alikuwa anameza vidonge vyake mbele yangu, nami namwangalia mpaka koo linapanda na kushuka, lakini mashine ya kupimia tuliyokuwa nayo nyumbani ilitoa majibu ya ajabu. Asubuhi presha ya mtu. Jioni presha ya kutisha.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja siku moja akiwa ameshamaliza uchunguzi wake kabla hajavua viatu.

“Presha ya mama naijua,” akasema. “Ina jina na ina saluni.”

“Wifi, karibu kwanza ukae ndipo unitukane.”

“Sikutukani. Nauliza tu, huo mchuzi wako una chumvi kiasi gani?”

“Hauna. Nimeitoa chumvi mpaka kaka yako anakula kama aliyelazwa.”

Mama akatunyamazisha kwa mkono, anacheka, lakini maneno yale yaliniuma. Mtaa nao ulikuwa unayasema chinichini. Mjane katoka kwake mzima, kafika kwa mkwe anadhoofika. Nani asiyejua kujumlisha? Nilipika bila mafuta. Nilizima kikaushia nywele akilala mchana. Nilijitazama hata uso wangu kwenye kioo nikijiuliza kama nina sura ya kumkera mtu. Bado alidhoofika.

Tukaenda kwa daktari wa kliniki ya presha, mwanamke wa maneno machache aliyekuwa na tabia ya kuvua miwani akitaka kusema jambo zito. Alipiga picha ya moyo, akavua miwani.

“Moyo wa mama umeanza kutanuka,” akaniambia tulipobaki wawili. “Umesukuma kwa nguvu miaka mingi, umechoka. Ukiendelea hivi utashindwa.”

“Lakini anameza dawa, daktari. Mimi mwenyewe namsimamia.”

“Naamini. Sikiliza. Mtu akiona hatari, mwili unajiandaa kwa vita. Moyo unakimbia, mishipa inakaza, sukari inamwagwa kwenye damu ili misuli ipate nguvu. Mambo mengine yote yanaambiwa yasubiri. Tumbo lisubiri, kidonda kisubiri, nywele zisubiri. Mpango huo ni mzuri kama hatari inapita. Sasa mtu akiishi hivyo mwaka hadi mwaka, ndiyo haya unayoyaona. Mama anaogopa nini?”

“Haogopi kitu. Mumewe alikuwa mkali, wanavyosema wanawe, lakini amefariki. Sasa anaishi na sisi.”

“Basi kuna kitu huko kwenu ambacho mwili wake bado unakisubiri. Kitafuteni. Dawa peke yake haitaweza.”

Nilirudi nimekasirika, nisifiche. Kitu huko kwenu! Nyumba yangu haina kelele, haina pombe, haina matusi. Mume wangu ni fundi wa majokofu, mtu ambaye akikanyaga mguu wa kuku anamwomba radhi. Na mama yake alimpenda kuliko watoto wote, hilo hata wifi alilijua na alishaacha kulionea wivu. Mume wangu alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa anajitia katikati mzee akiinua mkono. Kovu analo hadi leo juu ya nyusi.

Nilikipata nilipokuwa sikitafuti. Ilikuwa alasiri, wateja wamekwisha, nimekaa na mama chumbani kwake nampima. Alikuwa ananisimulia kisa cha mshonaji mmoja kiwandani aliyeshona mifuko ya suruali za askari mzigo mzima kwa nje. Alicheka mpaka machozi. Presha ilikuwa nzuri, nzuri kuliko siku zote, nikasema napima tena nimtumie wifi picha akome. Mkanda unajaa upepo mkononi mwake, mara nje kwenye ngazi ya mlango nikasikia kwaruu, kwaruu, kwaruu. Mume wangu amerudi mapema. Ndivyo anavyofuta soli za viatu kabla ya kuingia, kisha anasafisha koo. Akasafisha koo.

Mama hakushtuka. Laiti angeshtuka ningeelewa mapema zaidi. Aliendelea kutabasamu, hata sentensi yake hakuikata. Ila mkono niliokuwa nimeushika ulikakamaa kama ubao, jasho likamtoka juu ya mdomo, mabega yakapanda. Nilitazama mashine. Nikadhani imeharibika.

Mume wangu akaingia. “Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umerudi mapema leo!” Na ile furaha ilikuwa ya kweli, naapa, uso wote uliwaka. Mama akapewa chungwa lake alilonunuliwa, akaliweka mapajani akilipapasa. Mwanawe akaenda kuoga. Nikasukuma mlango ukafungika.

“Mama. Ni yeye?”

Alilizungusha chungwa kiganjani.

“Si yeye,” akasema. “Ni viatu.”

Ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini, huku maji yakimwagika bafuni. Bwana Stoo alikuwa anafuta viatu hivyohivyo, mara hizohizo, na kusafisha koo hivyohivyo. Aliwafundisha wanawe kwa mkanda: asiyefuta viatu haingii. Na mke aliyekuwa ndani alijifunza kusoma. Akikwaruza polepole, jioni ni salama. Akikwaruza harakaharaka, ondoa watoto. Akikwaruza mara moja tu akanyamaza, hapo hakuna anayejua.

“Hakuwa anapiga kila siku,” akasema. “Angekuwa anapiga kila siku ningezoea. Anaweza kukaa miezi anakuletea zawadi, unasema mtu kabadilika. Halafu siku moja chai imepoa. Kwa hiyo kila siku unasubiri. Ile kusubiri ndiyo iliyonila, mwanangu, kuliko hata mkono wake. Kazini mashine zilikuwa zinanguruma, masikio yalikuwa hayana cha kusubiri. Nililala.”

“Lakini huyu ni mwanao. Huyu hawezi kuinua hata sauti.”

“Najua. Unafikiri sijui? Nikimsikia najua ni yeye, nafurahi. Lakini mwili umeshaondoka. Nauita, haurudi.” Akanishika kifundo cha mkono. “Usimwambie.”

“Mama, daktari amesema moyo...”

“Usimwambie. Yule mtoto alijitia katikati yangu na baba yake akiwa hafiki kiunoni kwangu. Maisha yake yote anajitahidi asiwe kama baba yake. Leo aambiwe mama yake anamwogopa kama alivyomwogopa yule? Bora moyo upasuke.”

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, tulifundishwa hivyo tangu utoto, na mimi nilidhani ni maneno tu ya kupambia mazungumzo. Sikujua kuwa mtu anaweza kuupenda ung'ongo wenyewe, akauzaa, akaunyonyesha.

Sikumwambia. Nilijaribu ujanja. Nilimnunulia mume wangu kandambili za mpira, nikamwambia avue viatu getini kwa sababu sakafu mpya inaharibika. Sakafu haikuwa mpya. Alivaa siku mbili tatu akasahau, na akikumbuka alizifuta kandambili kwenye ngazi, fyuu fyuu fyuu, mara zilezile. Nilimwelekeza mlango wa nyuma. Akauliza kama kuna mwanamume mwingine mlango wa mbele. Niliwasha redio kila jioni kwa sauti ya juu hadi jirani akaja kulalamika. Redio ilisaidia kidogo. Lakini kukohoa kule ni kwa koo lake, na sauti ya “shikamoo mama” ni sauti ya baba yake aliyoirithi bila kuiomba, na mwendo wake ukumbini ni ule wa kutanguliza kisigino. Ningemficha wapi mtu mzima?

Asubuhi moja mama alishindwa kupumua. Alikuwa amekaa kitandani ameshika godoro kwa mikono miwili, midomo imebadilika rangi. Hospitali walisema moyo umeshindwa kusukuma, maji yamejaa mapafuni. Walimlaza wodi ya wagonjwa wa hali mbaya, wakamfunga nyaya kifuani na oksijeni puani, na juu ya kichwa chake kioo kinachoonyesha mapigo ya moyo na kulia ti, ti, ti. Kufikia mchana alitulia, macho yamefumba, mapigo yanakwenda taratibu. Nilikuwa nimeketi pembeni yake.

Mume wangu alitoka kazini moja kwa moja. Mlangoni mwa wodi kulikuwa na mkeka wa kufutia miguu.

Kile kioo kilianza kulia haraka. Muuguzi akaja mbio, akatazama huku na huku, akamwambia, “Baba, hebu subiri nje kidogo, mgonjwa amebadilika.” Akatoka. Mapigo yakashuka. Baada ya muda akaruhusiwa kurudi. Akafuta viatu, akasafisha koo, mapigo yakapanda tena. Safari hii hakungoja kuambiwa. Alisimama palepale anatazama kioo.

Nimesema mume wangu ni fundi wa majokofu. Maisha yake yote anasoma geji, na fundi hutafuta hitilafu kwa kuzima na kuwasha. Aliniangalia, nikaangalia chini, naye akaelewa kwamba kuna kitu ninakijua. Akatoka. Akavua viatu nje, akaingia peku, kimya, akasimama kando ya kitanda bila kutoa sauti. Kioo hakikubadilika. Akatoka tena. Nilimsikia akivaa viatu. Kwaruu, kwaruu, kwaruu. Kioo kikapiga kelele, na mama, macho yamefumba, akavuta mabega juu ya mto.

Hakuingia tena siku ile. Nilimkuta kwenye benchi la nje, viatu viko mapajani.

“Tangu lini?” akaniuliza.

“Tangu alipokuja kwetu.”

“Na wewe ulijua.”

“Aliniapisha.”

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alimpigia dada yake simu, akamwambia mama akitoka hospitali aende kwake, na akamweleza sababu mwenyewe bila kuficha neno. Wifi akasema, nami nilisikia kwa sababu simu ile ina sauti kubwa: “Unafikiri kwa nini mimi nikija kwenu naondoka kabla hujarudi kazini?”

Huko kwa wifi mama alipata nafuu. Siongezi chumvi: kile kidonda cha muundini, kilichonishinda mimi na marhamu zangu zote, kilifunga chenyewe. Nywele zikaanza kuota, laini za kitoto. Presha ya jioni ikawa sawa na ya asubuhi, na wifi alinitumia picha za mashine kila siku, nadhani ndiyo ilikuwa njia yake ya kuniomba radhi. Nilimwonyesha mume wangu. Alizitazama akasema, “Vizuri,” akaenda kukaa uani.

Hakwenda kumwona. Alinituma mimi na machungwa. Simuni hakuzungumza naye, kwa sababu sauti nayo ilikuwa ya baba yake. Mama akipiga, alikaa ubavuni mwangu ameziba mdomo kwa kiganja ili asikohoe, akisikiliza kila neno, nami nasema yuko kazini, amesafiri, ameitwa kutengeneza chumba cha baridi cha machinjioni. Uongo una mwisho. Na moyo wa mama, tofauti na kidonda, haukurudi ulivyokuwa. Daktari alitueleza wazi: kilichotanuka kimetanuka. Miguu ilivimba. Akaanza kulala amekaa.

Siku moja alipiga na hakusalimia.

“Umemwambia.”

“Sikumwambia mama. Aliona mwenyewe hospitalini.”

Nikamsikia akihema. Mume wangu alikuwa pembeni yangu, kiganja mdomoni.

“Mlete,” akasema mama.

“Mama, presha yako...”

“Presha ni yangu, si yenu. Nimemsubiri mtu nisiyemtaka umri wangu wote. Sasa huyu ninayemtaka, nisubiri nini? Mlete kesho.”

Tulikwenda. Mume wangu alikuwa amevaa shati jeupe na viatu vyake vya kawaida, na mkononi ana mfuko wenye zile kandambili za mpira. Nyumba ya wifi iko mwisho wa njia ya kokoto, na kokoto hazimfichi mtu. Kila hatua inasikika. Tulipofika getini akasimama. Akavua viatu. Akavaa kandambili. Akazivua pia. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na hata tukiwa pale tuliona ncha ya kiti kilichowekwa karibu kabisa na kizingiti.

“Siwezi,” akasema.

“Umefika. Hatua chache tu.”

“Ikipanda je? Akifa mbele yangu kwa sababu ya miguu yangu, nitaiweka wapi?” Alikuwa analia, mtu mzima, peku juu ya kokoto. “Ingia wewe. Mwambie nimeitwa kazini.”

Akavaa viatu, akageuka.

Niliingia peke yangu. Mama alikuwa kwenye kile kiti, amevaa gauni lake la kijani la sikukuu, miguu iliyovimba juu ya mto. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani. Mama hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu.

“Ameitwa kazini, mama,” nikaanza.

“Usinidanganye. Nimemsikia akisimama pale. Nimemsikia akivua viatu, nimemsikia akivivaa.” Jasho lilikuwa linamtiririka, sikuhitaji mashine kujua moyo unafanya nini. “Mrudishe. Mwambie aje na viatu vyake. Asivue kitu. Aje tu.”

Nilikimbia mpaka getini. Alikuwa bado hajafika kwenye kona, naona shati lake jeupe. Nikamwita kwa nguvu zangu zote, kwa jina lake, ambalo mke hapaswi kulipayuka barabarani. Hakugeuka. Aliongeza mwendo, akapinda kona, na nilipofika pale nikihema, hakuwapo.

Mama alifariki kesho yake mchana, kwenye kiti kilekile. Alikataa kuhamishwa pale mlangoni.

Maneno yake nilimfikishia mume wangu baada ya mazishi, watu walipotawanyika, tumekaa wawili chumbani ambamo mama alikuwa analala. Nilimwambia yote: alisikia, alisema aje na viatu, alisema asivue kitu.

“Alisema hivyo?”

“Alisema hivyo.”

“Nikiwa bado niko njiani?”

“Ulikuwa hujafika kwenye kona. Nilikuita.”

Akainama akaanza kufungua kamba za viatu, akaziacha nusu.

“Nilisikia,” akasema. “Nilidhani unaniita kwa sababu imepanda. Ndiyo maana nilikimbia.”